Oto haivutwi na kamba: mambo ya uongo kuhusu kuvuta gari ambayo nimechoka kusikia

"Fundi, lakini si niliweka nyutro?" Hiyo ndiyo kauli naisikia kila nikifungua giaboksi ya mtu na kumwonyesha vile vitu vimeungua ndani, na kusema ukweli imenichosha. Mimi natengeneza giaboksi za oto, zile zinazobadilisha gia zenyewe, huku Industrial Area, Nairobi, na gari nyingi zinazonifikia hazikuzimika kwa sababu ya giaboksi. Zilizimika juu ya kitu kingine kabisa, pampu ya mafuta, alternata, paipu ya radieta imepasuka, halafu mwenyewe akapigia shemeji mwenye pikapu, wakatoa kamba kwa buti, wakavuta kutoka Mlolongo mpaka town. Gari ilikuwa na ugonjwa mmoja mdogo, ikafika na wa pili mkubwa.

Sasa wacha nieleze hii ya nyutro, ati ukiiweka oto inavutika bila shida, mpaka iishe, zile zingine nitazipitia haraka.

Ndani ya oto kuna oili, na hiyo oili si ya kulainisha tu, ndiyo inabana klachi, ndiyo inapooza, ndiyo inafika kwa kila bushi, zile pete zinazoshika shafti, na kila gia ndogo huko ndani. Haifiki yenyewe. Inasukumwa na pampu ambayo iko mbele ya giaboksi, nyuma tu ya toki konvata, ile inayounganisha injini na giaboksi, na hiyo pampu inazungushwa na injini. Injini ikizima, pampu imezima, hakuna njia nyingine. Basi wewe umeweka nyutro, injini imelala, kamba imekaza, mnaondoka. Tairi zinazungusha ekseli, ekseli zinazungusha difu, difu inazungusha shafti ya giaboksi pamoja na gia zake. Nyutro haizuii hiyo. Nyutro inaachilia klachi tu ili nguvu ya injini isifike kwa tairi, lakini vyuma vyote vya upande wa tairi vinaendelea kuzunguka. Oili iliyokuwa imebaki juu inasaidia mwanzo mwanzo, halafu inashuka kwa sampo, ile bakuli ya oili chini ya giaboksi, inatulia hapo na hakuna kitu cha kuirudisha. Kutoka hapo ni chuma juu ya chuma, na shemeji huko mbele anakanyaga mafuta kwa sababu Mombasa Road leo haina jam.

Chini ya sampo kuna sumaku ndogo, iliwekwa kiwandani ishike unga wa chuma. Kwa gari iliyotunzwa, ukiifuta na kidole unapata tope la kijivu, laini, kidogo tu. Kwa gari iliyovutwa kilomita nyingi nafuta nasikia vipande vinachoma kidole. Oili ni nyeusi na inanuka kuungua hadi fundi wa upande ule mwingine wa gereji anauliza ni nini. Nikiingia ndani zaidi napata bushi zimeliwa na shafti imebadilika rangi, ina ile blu ya chuma kilichopata moto. Hapo mwenye gari ananiangalia, ananiambia aliweka nyutro.

Najua jibu linalofuata. "Mjomba alivuta ya kwake kutoka Nakuru mpaka Nairobi na bado anaiendesha." Kutoka Nakuru ni kama kilomita 160, na naweza kuamini kabisa kwamba gari ilifika ikawaka ikatembea. Bushi iliyoliwa haisimamishi gari siku hiyo. Inaanza kupoteza presha polepole, gia inachelewa kuingia asubuhi gari ikiwa baridi, halafu inaanza kuslipu, injini inanguruma lakini gari haivuti, ukipanda mlima, na wakati huo mjomba ameshasahau habari ya kamba, analaumu oili, analaumu fundi aliyefanya savisi ya mwisho, analaumu aliyemuuzia gari. Hakuna mtu anaunganisha hizo siku mbili. Mimi naziunganisha kwa sababu nauliza kila mteja swali moja kabla sijashika spana: hii gari imewahi kuvutwa? Na karibu wote wananyamaza kwanza.

Kuna wazee pia wanasema zamani oto zilikuwa zinavutwa na hata kusukumwa zikawaka. Wako sawa, na nadhani hapa ndipo mambo mengi yalianzia. Baadhi ya oto za miaka ya 1950 na 1960 zilikuwa na pampu ya pili huko nyuma ya giaboksi, iliyozungushwa na tairi, kwa hivyo gari ikisukumwa oili ilikuwa inatembea na injini ingeweza kushikwa ikawaka. Watengenezaji waliitoa hiyo pampu ya pili kitambo. Fielder yako, Demio yako, Note yako, hakuna yenye hiyo kitu. Kwa hivyo ukiona vijana watano wanasukuma oto pale stage ati iwake, waambie wapumzike, watafute waya za kujampia.

Mwingine anasema basi washa injini halafu uvute ikiwa inanguruma, pampu si itafanya kazi. Ni kweli itafanya. Lakini kama injini inawaka vizuri mbona unavutwa? Mara nyingi injini inawaka ndiyo lakini imepoteza maji, au haina presha ya oili, ama giaboksi yenyewe ndiyo imekufa, na hapo unaokoa kitu kimoja ukiua kingine. Radieta imepasuka Waiyaki Way halafu unawasha injini dakika arobaini ndiyo giaboksi ipate oili, ukifika utanunua silinda hedi. Zima, ita flatibedi.

Ndiyo, flatibedi, ile bredauni ya kubeba gari nzima mgongoni. Watu wanaona bredauni ni bredauni tu, na hapo ndipo wanaumia mara ya pili hata baada ya kukubali kuacha kamba. Ile ya kunyanyua tairi mbili inafaa gari zingine na kuharibu zingine. Kama gari yako inasukumwa na tairi za mbele, kama Demio, Vitz, Probox ya kawaida, ikinyanyuliwa mbele na handibreki iachiliwe haina shida, tairi za nyuma ni za kufuata tu. Ikinyanyuliwa nyuma, mbele zikabaki chini, umerudi palepale pa kamba. Mark X na Crown na Mercedes nyingi zinasukumwa na nyuma, hizo zinyanyuliwe nyuma ama propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, ifunguliwe. Halafu kuna Forester na wenzake wanaosukuma tairi zote nne. Hapo hakuna kunyanyua mbili. Mbili zikiwa hewani na mbili zinazunguka chini, ile sehemu ya katikati inayogawa nguvu inasagana na kupata moto njia yote, na ndiyo sehemu ya bei mbaya zaidi kwa hiyo gari. Subaru inabebwa. Uliza kwa simu kabla hajatoka kwake: unabeba ama unanyanyua? Akikwambia "usijali bosi, nimezoea hizi," hajajibu swali.

Na kile kitabu cha Kijapani kiko kwa dashibodi, usikitupe. Kina ukurasa wenye michoro ya gari ikivutwa, nyingine imewekwa alama ya kukataza. Elekeza kamera ya simu, itakutafsiria. Kuna gari kitabu kinaruhusu mwendo mdogo na safari fupi, kuna zingine kinakataza kabisa, na hiyo tofauti huwezi kuijua kwa kuangalia bampa.

Haibridi, zile za injini pamoja na mota ya umeme, ni habari mbaya zaidi, na vijana wa teksi za app wengi wako kwa Aqua na Prius kwa hivyo wasome hapa polepole. Kwa hizo mota ya umeme imeunganishwa na tairi muda wote, hakuna klachi ya kuitenga, na nyutro ni amri tu inayoambia mfumo usipeleke umeme. Tairi za mbele zikizunguka, mota inazunguka, na ndani yake kuna sumaku, kwa hivyo inazalisha umeme utake usitake, kama ile dinamo ya baiskeli inayowasha taa ukikanyaga. Tofauti ni kwamba huu ni umeme mkubwa na unaweza kuunguza vitu na hata kuanzisha moto. Tairi za mbele zisiguse lami, basi. Hapa sibishani na mtu.

Zile zingine sasa.

"Toa ufunguo tu, si gari imezima." Ukitoa ufunguo stering itajifunga, na kona ya kwanza gari yako inaenda moja kwa moja wakati ya mbele imekata. Kama ni manyuali na lazima ivutwe na kamba, ufunguo ubaki kwa ON. Na anayekaa kwa stering awe dereva wa kweli, si mtoto wa jirani, kwa sababu injini ikiwa imezima breki ina msaada wa kukanyaga mara mbili tatu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na lazima uikanyage na nguvu za mguu mzima. Stering nayo inakuwa nzito. Nimeona watu wakitoka Limuru wanashuka na kamba, dereva wa nyuma hajui hii, anafikiri breki zimekataa, anamgonga anayemsaidia.

"Kamba fupi ndiyo inashika vizuri." Kamba fupi ndiyo inakunyima nafasi ya kusimama. Mita nne tano hivi, kitambaa chekundu kifungwe katikati watu wa boda waione, na anayevuta aanze taratibu hadi ikaze ndiyo aongeze. Kushtua kunakata kamba au kunang'oa bampa.

"Funga popote chini, ni chuma." Hapana. Usifunge kwa suspensheni, usifunge kwa bampa. Hata yale masikio ya chuma yako chini ya gari za Japani, mengi yaliwekwa ya kufungia gari kwa meli isisogee mpaka Mombasa, hayakuwekwa ya kuvutia. Ndoano ya kuvutia (hook) iko kwa buti pamoja na jeki, na kwa bampa kuna kifuniko kidogo cha mraba au duara, unakifungua na bisibisi, unaingiza hiyo ndoano, unakaza na spana ya tairi hadi mwisho. Watu wamekaa na gari miaka na hawajawahi kukiona hicho kifuniko. Nenda ukiangalie leo, na uhakikishe ndoano yenyewe iko, kwa sababu gari ikipita mikono mitatu huwa imepotea.

"Betri imekufa kwa hivyo haitoki Paki, lazima iburutwe." Hii inaniuma kwa sababu jibu liko karibu na mkono wako. Kando ya gia kuna kitufe au kishimo kidogo kimeandikwa SHIFT LOCK, mara nyingi kimefunikwa na plastiki. Vuta handibreki, bandua hiyo plastiki, chomeka ufunguo ubonyeze chini, kanyaga breki, gia inatoka Paki inaenda nyutro. Sasa ipandishwe kwa flatibedi ikibingirika vizuri. Nimeona bredauni inaburuta gari na winchi tairi zikiwa zimefungwa, zinachora lami, na kitufe kiko hapo hapo.

"Flatibedi ni ya matajiri." Linganisha bei yake ndani ya Nairobi na bei ya giaboksi ya ex-Japan pale Kirinyaga Road, pamoja na oili na leba, halafu uniambie nani anatumia pesa vibaya. Kama una bima kubwa (comprehensive), piga simu kwao kabla hujakodi yako mwenyewe, nyingi zina kipengele cha kubeba gari na kina kikomo, na wengine hawakurudishii pesa kama hukuwaambia.

Ya kutoa gari kwa tope, Kitengela na Juja kwenye ule udongo mweusi, nitasema moja tu: watu wakae mbali na kamba ikikaza, na uweke gunia lililoloa katikati yake ili ikikatika isiruke kwa uso wa mtu.

Na sasa wewe unayesoma hii na ulishavuta wiki iliyopita. Usingoje islipu. Kabla hujaenda nayo mbali angalia oili ya gia, rangi na harufu. Ikiwa bado nyekundu na hainuki, endelea lakini uwe makini na asubuhi, gia ikichelewa kuingia ulete. Ikiwa imekuwa nyeusi au inanuka kuungua, usikubali mtu akuambie amwage aweke mpya ukaendelea. Mwambie ashushe sampo mbele yako akuonyeshe sumaku. Unga laini, badilisha oili na filta. Vipande, gari isitoke hapo ikiendeshwa. Na ikibidi ihamishwe hadi kwa fundi mwingine, ibebwe.