Klabu ndogo haibomoki kwa tamaa

Nyota wa klabu ndogo wakiondoka, lawama huwa ile ile: wachezaji hawana uaminifu, wenye timu wana tamaa. Si hivyo. Southampton ilimaliza ya nane Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2014, kisha kocha Pochettino akaenda Tottenham. Lallana, Lambert na Lovren wakatua Liverpool, Shaw Manchester United. Kiini ni mkataba. Tangu hukumu ya mahakama ya 1995 katika kesi ya mchezaji Bosman, mchezaji barani Ulaya akimaliza mkataba huondoka bure. Akigoma kuongeza, klabu imuuze mapema au ibaki mikono mitupu. Kocha ndiye rahisi zaidi: hasubiri hata dirisha la usajili, fidia ikilipwa anafungasha. Kwenye mishahara, klabu ndogo haina ubavu kabisa.