Mnara wa Stuttgart na msingi wake

Mhandisi kijana wa miundo akiniuliza aanze kusoma mnara gani wa mawasiliano, humwelekeza Stuttgart, Ujerumani, kwa sababu mnara wa televisheni uliofunguliwa huko Februari 1956 ndio wa kwanza duniani wa aina yake kujengwa kwa zege, na mingi iliyofuata imeiga umbo lake.

Shirika la utangazaji la huko lilikuwa limekusudia kusimamisha mlingoti wa chuma wa mita 200 hivi juu ya kilima cha Hoher Bopser, kwa kuwa mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na mji umelala bondeni. Mhandisi Fritz Leonhardt hakuridhika. Alipendekeza nguzo ya zege yenye uwazi ndani, ibebe mgahawa na jukwaa la kutazamia mandhari lililo mita 150 kutoka ardhini, ili viingilio vya wageni vilipe gharama. Ujenzi ulimeza zaidi ya marki milioni 4, mara nyingi zaidi ya bei ya mlingoti, lakini fedha hizo zilirudi kwa miaka 5 tu.

Kwangu mimi, ustadi mkubwa umefukiwa ardhini. Upepo unaopiga mnara mrefu hutaka kuupindua, na nguvu hiyo huzidi kadiri unavyoshuka. Ndiyo maana kipenyo cha nguzo, ambacho juu ni mita 5 hivi, hufikia karibu mita 11 chini. Hapo nguzo hukabidhi mzigo wake kwa kuta za zege zilizotanuka kama sketi, zinazoufikisha kwenye msingi wa duara wenye upana wa mita 27, kiasi kwamba hata katika dhoruba udongo haulemewi upande mmoja.

Wembamba huo, ambao ndio uzuri wake, ulileta tatizo la usalama. Njia ya kutorokea moto na nyaya vinapita ndani ya nguzo ileile, na kwa hiyo Machi 2013 mnara ulifungwa kwa wageni hadi Januari 2016, baada ya kinga dhidi ya moto kuimarishwa. Wapo waliolalamika sana, lakini naamini uamuzi ulikuwa sahihi: mtu aliye mita 150 juu, mwenye njia moja tu ya kushukia, anastahili njia isiyojaa moshi.