Si mwendo wa gari unaoiangusha Wi-Fi ya barabarani

Wengi huamini kwamba gari likikimbia, mawimbi ya Wi-Fi kutoka kando ya barabara huvurugika yasisomeke. Sivyo. Kwa kilomita 100 kwa saa, masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 (yaani mitetemo bilioni 2.4 kwa sekunde) husogezwa na mwendo huo kwa hezi 220 hivi tu, na kipokezi hulimudu hilo bila taabu. Mwaka 2004, watafiti Jörg Ott na Dirk Kutscher walionyesha kuwa gari hupokea data hata likienda kilomita 180 kwa saa.

Kinachokwamisha ni muda. Chukua kituo cha Wi-Fi ambacho mawimbi yake hufika mita 100 kila upande. Gari la kilomita 72 kwa saa hukata mita 20 kila sekunde, hivyo hulipita eneo lote kwa sekunde 10. Lakini kabla ya kupata hata herufi moja, kifaa lazima kitafute mtandao, kijiunge, kisha kisubiri kupewa anwani ya kukitambulisha mtandaoni. Hatua hizi zilitungwa kwa mtu aliyeketi mezani, na zaweza kuzimeza sekunde zote 10. Anwani inafika, kituo kimeshabaki nyuma!

Ndiyo maana napenda sana kazi ya mwaka 2008 iitwayo Cabernet, ya watafiti wa chuo cha MIT, Marekani. Kwa kuandika upya programu ya ndani ya gari, walishusha maandalizi hayo kutoka zaidi ya sekunde 10 hadi chini ya nusu sekunde.

Mapengo kati ya vituo yamebaki. Barua pepe na taarifa za foleni huvumilia kusubiri. Simu ya sauti haivumilii.