Dubu wa Nandi hakuwa dubu

Hapa Nairobi bado utamsikia mtu akiapa kwamba misitu ya Nandi ina dubu mla ubongo. Hakuna. Kusini mwa Sahara hakuna dubu wa mwituni hata mmoja. Habari zake zilienezwa na walowezi, nyingine zikachapishwa katika jarida la chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mjini humu mwaka 1909. Ukizisoma sambamba, mnyama hatulii: mara ana manyoya marefu, mara mgongo umeteremka nyuma, mara kasimama wima. Mgongo huo ni wa fisi madoadoa kabisa. Wa kusimama wima huenda alikuwa nyani au nyegere. Wapo waliomtaja kalikotheri, mnyama aliyetoweka zamani sana. Lakini huyo, jamani, alikula majani!