Samoni si nguru: ninavyompika hapa Malindi

Nimepika samaki kwa miaka mingi katika majiko ya nyumba za wageni hapa Malindi, na siku hizi nawafunza wapishi vijana kazi hiyo hiyo. Tangu samoni alipoanza kuonekana kwenye friji za maduka yetu, akiwa amegandishwa na kufungwa ndani ya karatasi za plastiki, swali ninaloulizwa kuliko yote ni kwa nini anakauka mdomoni ilhali anasifiwa kwa mafuta. Anayeniuliza huwa ni mama aliyekulia kwenye nguru, changu na tafi, ambaye katika samaki wa kupaka mimi mwenyewe nitakaa nimsikilize. Namjibu kwamba kosa lake ni moja tu: amempika samoni kama anavyompika nguru.

Kosa hilo nalijua kwa sababu nilianza nalo. Mgeni mmoja Mtaliano aliniletea vipande sita, nami nikavitia ndimu, kitunguu saumu, pilipili na chumvi tangu asubuhi, kisha jioni nikavikaanga katika mafuta mengi mpaka vikashika rangi ya kahawia pande zote mbili. Vilipofika mezani vilikuwa vimetokwa na ute mweupe kama ukoko wa maziwa, na ndani vilikuwa vikavu kama makumbi. Mgeni wangu alivila kwa adabu, hakusema neno, na hakuniletea samoni tena.

Tofauti ya samaki hawa wawili inaanzia kwenye maji wanamoishi. Nguru ni samaki wa bahari yenye joto, mnofu wake umeshikana, na sisi humkata mapandemapande pamoja na mfupa wa katikati, ambao husaidia kipande kisivunjike. Samoni ni samaki wa maji baridi. Huzaliwa mtoni, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mtoni kuzaa, ingawa wengi wanaouzwa madukani leo wamefugwa kwenye vizimba vya baharini, hasa Norwe, Chile na Uskoti. Protini na kolajeni (ile gundi inayoshikanisha mnofu) za samaki wa maji baridi hulegea kwa joto dogo kuliko za samaki wa kwetu, na mnofu wa samoni umepangika kwa tabaka fupi zilizounganishwa na utando mwembamba sana. Utando huo ukishayeyuka, tabaka zinaachana zenyewe, na hapo ndipo samaki ameiva. Moto wowote unaozidi hapo kazi yake ni kukamua maji. Katika gramu 100 za mnofu wa samoni wa kufugwa huwa na takriban gramu 13 za mafuta, na mafuta hayo humsamehe mpishi kidogo, lakini hayamsamehe dakika 10 za kikaango kinachofuka moshi.

Ute mweupe niliotaja ni protini iitwayo albumini, ambayo husukumwa nje mnofu unapojikaza. Haina madhara kwa mlaji, ila ikitoka kwa wingi inashuhudia kwamba moto ulikuwa mkali. Dawa yake ni rahisi: nayeyusha gramu 50 za chumvi katika lita moja ya maji baridi, navilaza vipande humo kwa dakika 15, kisha navitoa na kuvikausha kwa kitambaa safi mpaka ngozi isiache alama ya maji. Ndimu siitii kabla. Najua Mswahili haamini kwamba samaki ametoka shombo mpaka ameoshwa kwa ndimu, lakini asidi yake huikaza protini hata bila moto, na mnofu laini wa samoni ukikaa ndani yake saa nzima huwa umeshaanza kupauka na kubanduka kabla haujaona jiko. Ndimu yake ni ya mezani.

Kabla ya kupika, kipande kilichogandishwa nakiyeyusha ndani ya friji usiku kucha, nikiwa nimekwisha kukitoa kwenye ile plastiki iliyobanwa bila hewa, kwa sababu kuna bakteria hatari wa sumu ya chakula wanaopenda mahali pasipo hewa. Umeme ukikatika na samaki akalainika kabisa, apikwe siku hiyo hiyo, asirudishwe kuganda. Mafuta yake pia huchacha upesi, hata akiwa ameganda, kwa hiyo mimi simweki zaidi ya miezi 2 au 3. Vidole vipitishwe juu ya mnofu kuitafuta miiba, na kila mwiba uvutwe kwa koleo ndogo kuelekea upande wa kichwa, ambako ndiko ulikolalia.

Kwa kikaango, ngozi ndiyo inayobeba mapishi yote. Napaka mafuta kidogo sana, naweka kipande ngozi chini kwenye kikaango chenye moto wa wastani, nakibana kwa mwiko kwa sekunde 10 ili ngozi isijikunje, kisha nakiacha. Kipande cha unene wa sentimita 3 hukaa hivyo kwa dakika 5 au 6, na mtu akitazama ubavuni ataona rangi ya mnofu ikipauka taratibu kutoka chini kupanda juu. Ikifika theluthi mbili nakigeuza kwa dakika moja hivi, basi. Ngozi iwe ikikatika kwa sauti kama kachri. Katikati patabaki na rangi ya waridi iliyokolea, na hapa maoni hutofautiana: wapishi wengi wa hoteli hukiondoa jikoni katikati pakifika nyuzi 50 za Selsiasi hivi, ilhali mamlaka za usalama wa chakula za Marekani hutaka nyuzi 63. Nikimpikia mjamzito, mzee au mtoto, nafuata hiyo 63 bila mjadala.

Oveni ni rahisi zaidi, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza. Moto uwe nyuzi 120 tu, kipande kipakwe mafuta na kuokwa kwa dakika 20 hadi 25. Hakitashika rangi, nacho hakitakauka.

Sasa nije kwenye kupaka, kwa maana ndiko msomaji wa pwani anakotaka nifike. Samoni hukubali kupakwa vizuri sana, ila mpangilio wa kazi hubadilika. Kwa nguru, wengi wetu humbandika samaki kwenye wavu na kumpaka tui huku likiivia juu yake. Samoni hawezi kusubiri hivyo, kwa hiyo tui liive kwanza. Nakuna nazi mbili, nachuja kasimile, nalibandika na kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi na bizari ya manjano, nikilikoroga bila kuliacha ili lisikatike, mpaka liwe zito la kushika mgongo wa kijiko. Ndipo naliepua na kulitia ukwaju. Makaa yawe yameshavaa majivu meupe, na kiganja kikiwekwa sentimita 10 juu ya wavu kiweze kuvumilia sekunde 4 au 5. Mafuta ya samoni hudondoka na kuwasha ndimi za moto, hivyo naacha upande mmoja wa jiko bila makaa, nipate pa kumkimbizia. Anaanza ngozi chini, anakaa hapo karibu muda wote, na tui linapakwa juu ya mnofu mara mbili au tatu katika dakika za mwisho. Simgeuzi, kwa kuwa akigeuzwa atabaki kwenye wavu. Anayetaka rangi juu na aweke mfuniko wa bati wenye makaa machache, kama tunavyofanya kwa mikate.

Kwa mchuzi wa nazi kanuni ni ile ile: mchuzi uive peke yake, vipande viingie mwishoni kwa dakika 6 tu bila kuchemka kwa nguvu, kisha moto uzimwe na sufuria ifunikwe. Mwiko usiingie tena. Sufuria itikiswe kwa masikio yake.

Samoni mbichi siandai nyumbani. Minyoo ya anisakisi, ambayo huweza kuwa ndani ya mnofu wake, hufa samaki akigandishwa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na friji nyingi za majumbani hazifiki hapo.

Niseme pia kwamba kaskazi ikituliza bahari na nguru wakashushwa sokoni alfajiri wakiwa bado macho yanang'aa, pesa yangu hainunui samoni. Namnunua wakati wa kusi, mawimbi yanapowafunga wavuvi wa mashua ndogo na meza za soko zikawa tupu.

Kipande kikibaki, kisipashwe moto, kwa kuwa mafuta yake yakipashwa hutoa harufu nzito inayojaza nyumba nzima. Mimi hukiweka kwenye friji kikiwa kimefunikwa, na asubuhi nakichambua kikiwa baridi, nakikamulia ndimu, naongeza kachumbari, na kukila kwa mkate wa mofa.