Dhana Potofu Kuhusu Lafudhi za Kiswahili na Watu Wanaozizungumza

Nilipokuwa kidato cha kwanza tulikuwa na mwenzetu kutoka mkoa wa Mara ambaye aliongoza darasa katika hisabati muhula baada ya muhula, lakini alikataa katakata kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kila aliposema "mahari" akikusudia "mahali", darasa zima lilicheka, na mwalimu naye alicheka. Kufikia kidato cha tatu alikuwa haulizi swali lolote, hata pale ambapo ilionekana wazi kwamba hajaelewa. Namkumbuka kila ninaposikia mtu mzima akiigiza matamshi ya watu wa eneo fulani ili kuwafurahisha wasikilizaji, kwa sababu kicheko hicho hujengwa juu ya imani ambazo, zikichunguzwa moja moja, hazisimami.

Dhana: Anayechanganya "r" na "l" hakusoma, au ni mzito wa akili

Tofauti ya sauti hizi mbili ni ndogo kuliko wengi tunavyodhani. Katika kutamka "l", ncha ya ulimi hugusa ufizi na hewa hupita pembeni, ndiyo maana wataalamu huiita kitambaza. Katika kutamka "r", ncha hiyohiyo hupigapiga ufizi uleule, nayo sauti huitwa kimadende. Kiswahili hutumia tofauti hiyo kutenganisha maana, kama katika "kula" na "kura". Lugha nyingi za Kibantu, zikiwemo nyingi za Kanda ya Ziwa, hazifanyi hivyo: humo "r" na "l" huhesabiwa kuwa sauti moja yenye sura mbili, au hutumika moja tu. Kikikuyu, kwa mfano, hakina "l". Kijaluo hakina "sh", ndiyo sababu "shamba" huweza kusikika kama "samba". Lugha za Wakalenjin hazitenganishi maneno kwa sauti ghuna na sighuna, yaani zile zinazotetemesha nyuzi za sauti kooni na zile zisizozitetemesha, hivyo "b" na "p" huweza kubadilishana nafasi mzungumzaji anapoingia katika Kiswahili.

Jambo hili halihusiani na akili wala bidii. Tafiti kuhusu watoto wachanga zimeonyesha kwamba mtoto huzaliwa akiwa na uwezo wa kutofautisha sauti za lugha nyingi, na kwamba kabla hajatimiza mwaka mmoja sikio lake huanza kujifunga katika zile sauti anazozisikia nyumbani. Mtu aliyejifunza Kiswahili akiwa na miaka saba analeta katika lugha hiyo sikio lililokwisha kuumbwa. Anaweza kulifunza upya kwa mazoezi, na wengi hufaulu, lakini anayemcheka hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Na tugeuze mizani. Kikikuyu kina irabu saba, ambapo Kiswahili kina tano tu. Mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza Kikikuyu huvuruga "ĩ" na "ũ" kwa muda mrefu, na mara nyingi hasikii hata kwamba anakosea. Kisukuma na Kihaya hutumia toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobeba maana, jambo ambalo Kiswahili kimelipoteza na kubaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hiyo "l" yenyewe tunayowadai wenzetu, Kiswahili kimeiangusha katika maneno mengi ambayo ndugu zake wameyahifadhi: sisi tunasema "njaa" na "mvua", wakati Wachewa wa Malawi husema "njala" na "mvula". Hakuna aliyewahi kutucheka kwa kuipoteza.

Dhana: Kiswahili sanifu ndicho cha asili, na vingine vyote ni vilivyoharibika

Imani hii ina nguvu kwa sababu shule imetufundisha hivyo bila kusema waziwazi. Ukweli ni kwamba usanifu ulikuwa uamuzi wa kiutawala wenye tarehe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu katika makoloni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia kazi hiyo. Wajumbe wake wa mwanzo walikuwa maofisa wa serikali za kikoloni na wamisionari. Hoja yao kubwa haikuwa kwamba Kiunguja ni kizuri zaidi. Kiunguja kilikuwa kimekwisha kusafiri na misafara ya biashara hadi bara, na kilikuwa tayari kikitumika katika utawala na shule za Tanganyika. Kimvita cha Mombasa, ambacho nacho kilikuwa na watetezi wake miongoni mwa wamisionari, kikaachwa.

Kilichoachwa hakikuwa kidogo. Muyaka bin Haji, mshairi aliyefariki karibu mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita mashairi ambayo hadi leo ni kipimo cha ustadi, na sehemu kubwa ya tenzi kongwe zilizotufikia zimeandikwa kwa lahaja za kaskazini, Kiamu cha Lamu na Kipate cha Pate. Watu wa Lamu wanaposema "mato" kwa "macho" na "ndia" kwa "njia", hawakukosea Kiswahili cha vitabuni. Walikuwa wakisema hivyo kabla vitabu hivyo havijafikiriwa. Kimvita nacho hutofautisha "paa" la nyumba na "p'aa" wa porini kwa pumzi inayotoka pamoja na "p". Mwandiko sanifu hauonyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo msomaji wa bara hulisoma neno moja pale ambapo Mmombasa analisikia mawili. Ikiwa kuna sikio lililopungukiwa hapo, si la Mmombasa.

Dharau hiyohiyo huwaangukia Wakongo, na kwa ukali zaidi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na kimezungumzwa mashariki mwa nchi hiyo tangu misafara ya karne ya 19 ilipofika Maniema. Msemaji wa Lubumbashi anayesema "batoto" badala ya "watoto", au anayetumia "iko" pale tunapotumia "ni" na "yupo", hufuata kanuni ambazo jirani zake wote wanazifuata, na mgeni akizikiuka yeye ndiye atakayesahihishwa. Nina haki ya kutaka mwanafunzi wangu aandike Kiswahili sanifu katika mtihani, kwa kuwa mitihani na sheria vinahitaji mwandiko mmoja. Haki ya kumwambia mtu kwamba lugha ya mama yake ni takataka sina, wala hana mwingine yeyote.

Dhana: Wakenya hawana adabu, na Watanzania wanazunguka mbuyu

Mtanzania akiingia mkahawani Nairobi na kumsikia mteja akisema "nipe chai", husikia amri. Kwao angesema "naomba chai", tena baada ya salamu. Mkenya akifika Dar es Salaam husikia salamu tatu na "samahani" mbili kabla ya ombi, naye hujiuliza mtu huyu anaficha nini. Wote wawili wanapima adabu kwa mizani ya nyumbani. Mkenya ana njia zake za kulainisha ombi, kama "nisaidie na kalamu", ambayo nayo humshangaza Mtanzania anayejiuliza kuna kazi gani ya kusaidiwa.

Historia ya shule inaeleza sehemu ya tofauti hii. Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwishoni mwa miaka ya 1960. Kenya iliendelea na Kiingereza, na Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985. Kwa Wakenya wengi wa bara, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, kituo cha basi na kazini, mahali ambapo maneno machache hutosha.

Dhana: Kila kabila lina tabia yake, na ukisikia lafudhi umeshaijua tabia

Hapa ndipo lafudhi inapogeuka kuwa hukumu. Tumeambiwa Wagogo ni ombaomba, Wachaga wanapenda pesa, watu wa pwani ni wavivu. Mengi ya maneno haya yana chanzo, lakini chanzo chenyewe kinaonyesha jinsi yalivyo ya dhuluma.

Ugogo ni nchi ya mvua haba. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na ukame ulipofuata ikaja njaa ambayo Wagogo wenyewe waliiita Mtunya, iliyoua maelfu kwa maelfu. Watu walionyang'anywa chakula wakalazimika kukitafuta kwa majirani, kisha wakapewa jina la ombaomba, na jina hilo bado linatajwa na watu ambao hawajawahi kulisikia neno Mtunya.

Habari ya Wachaga ni tofauti, ingawa kosa la hoja ni lilelile. Kihamba, yaani shamba la familia, cha mlimani hugawanywa kwa watoto hadi hakigawanyiki tena. Kahawa iliwaingiza mapema katika uchumi wa fedha, na chama chao cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Shule za misheni zilikuwa nyingi. Kijana asiye na ardhi lakini mwenye elimu kidogo alishuka mlima akafungua duka. Mtu yeyote wa kabila lolote, akiwekwa katika hali hiyo, angefanya hivyo.

Na uvivu wa pwani? Mvuvi hutoka usiku au alfajiri kwa kufuata maji, na saa nne asubuhi amekwisha kuuza samaki na amekaa barazani. Ofisa anayepita hapo saa hiyo humwona amekaa. Huko pwani ya Kenya kuna jeraha la zaidi: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wakiwa maskwota kwenye ardhi waliyoilima, na hapana anayepanda mnazi kwa moyo mahali anapoweza kufukuzwa.

Dhana: Ni utani tu

Utani ni taasisi ya kweli na yenye heshima, na kwa sababu hiyo nachukia kusikia jina lake likitumiwa kufunika dharau. Utani wa Wahehe na Wangoni ulizaliwa baada ya vita vyao vya karne ya 19. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ulikua kutokana na misafara iliyoshuka pwani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hadharani, lakini ana wajibu pia: hufika msibani, hufanya kazi, hukusaidia ukiwa safarini katika nchi yake. Isitoshe, ruhusa hiyo ni ya pande zote mbili. Msimamizi wa usaili anayeigiza matamshi ya kijana aliyekuja kuomba kazi hatanii, kwa kuwa kijana yule hawezi kumjibu.

Dhana: Sikio halikosei kabila

Hukosea sana. Kijana aliyezaliwa Temeke na wazazi Wahaya huzungumza kama majirani zake wa Temeke, na mtoto wa Mzaramo aliyelelewa Bukoba huja mjini na matamshi ya Bukoba. Hata hivyo sikio limewahi kutumiwa kuamua nani aishi. Kitabu cha Waamuzi kinasimulia jinsi Waefraimu walivyouawa kwenye vivuko vya Yordani kwa kushindwa kutamka "sh" katika neno Shibolethi. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walisimamishwa vizuizini na kutambuliwa kwa vitambulisho, majina na lugha. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Sheria ya mwaka 2008 ikaunda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na mwaka 2022, uchaguzi mwingine ulipokaribia, tume hiyo iliorodhesha maneno yasiyopaswa kusikika jukwaani. Mojawapo lilikuwa "madoadoa", neno ambalo mtoto hulijifunza kwa kumtazama chui, na ambalo wanasiasa walikuwa wamelihamishia kwa majirani waliotoka kwingine.