Umetapika damu: je, ni lazima ubadilishiwe ini?

Huku Kanda ya Ziwa, mgonjwa akitapika damu na ikasemwa ni ini, ndugu hawakawii kuuliza: "Daktari, tumpeleke India akabadilishiwe?" Wengine wameshauza ng'ombe kabla sijaona hata kipimo kimoja.

Wavuvi na wakulima wa mpunga ninaowatibu, wengi tatizo lao ni kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hukwama kwenye vimishipa ndani ya ini na kuacha makovu, damu inayotoka utumboni ikakosa pa kupita. Inajitafutia uchochoro kwenye mishipa ya umio, nayo hutuna hadi siku inapasuka. Bandama huvimba, wakati mwingine likafika kitovuni. Ila mtazame mtu mwenyewe: macho meupe, akili timamu, albumini, protini inayotengenezwa na ini, iko sawa, damu inaganda vizuri. Ini lake linachapa kazi, njia ndiyo iliyoziba. Tunaingiza kamera, tunaifunga ile mishipa kwa vipira, tunampa propranololi ya kushusha presha kwenye mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kuua minyoo. Kwa kawaida hana haja ya ini jingine.

Mwenye sirosisi, yaani ini lenyewe limeharibika kwa makovu, tuseme kutokana na homa ya ini B, ana habari tofauti. Macho ya manjano, tumbo limejaa maji, mchana anasinzia na usiku yuko macho, anamwita mkewe kwa jina la dada yake. Hapo mazungumzo ya kupandikiza yanaanza. Hata hivyo natanguliza tenofoviri, dawa ya kudhibiti virusi vya homa ya ini B, au kuacha pombe kabisa kama ndiyo chanzo, maana wapo wanaopata nafuu mpaka maji yakaisha. Tunapiga hesabu ya MELD, alama zinazoonyesha ukali wa ugonjwa wa ini, kwa bilirubini (inayotia macho umanjano), INR (kipimo cha damu kuganda) na kreatinini (kipimo cha figo). Ikifika 15, mara nyingi faida ya kupandikiza huanza kuizidi hatari yake.

Saratani ya ini ina kipimo chake cha nani apandikizwe: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au isiyozidi mitatu, kila mmoja usizidi 3, na isiwe imeingia kwenye mishipa mikubwa wala kusambaa nje ya ini. Wengi hunifikia wameshapita hapo, ndiyo maana nawasumbua wenye sirosisi wapige ultrasaundi kila miezi 6.

Ndugu anayemtolea mgonjwa kipande cha ini, ini lake hukua tena ndani ya miezi michache. Aliyepokea atameza dawa za kuzuia mwili usilikatae maisha yake yote. Kwenye vikao vya michango hesabu huishia kwenye nauli na upasuaji, dawa hizo hazimo kwenye daftari. Ziandikeni.